Gredi ya 7 Si Jambo la Mtoto Peke Yake

(Maandishi ya mazungumzo na vijana, Masara, Kaunti ya Migori)



Ndugu zangu na dada zangu, leo sitaongea siasa za Nairobi. Nataka tuongee kuhusu ile shule unayoipita kila siku ukienda sokoni, na kuhusu mdogo wako anayesoma pale.

Wengi wetu hapa tulipitia 8-4-4. Ulimaliza darasa la nane, ukafanya KCPE, ukaenda kidato cha kwanza. Mdogo wako hakupita njia hiyo. Yeye akimaliza Gredi ya 6 anaingia sekondari msingi, ile tunayoiita JSS, na anakaa huko miaka mitatu: Gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Kundi la kwanza liliingia Januari 2023, na mwishoni mwa 2025 likafanya mtihani wa KJSEA. Shule yenyewe iko ndani ya boma lile lile la msingi. Mtoto anabadilisha sare, lakini lango ni lile lile na mwalimu mkuu ni yule yule.

Kwa sababu lango halijabadilika, wazazi wengi wanadhani hakuna kilichobadilika. Kumbe kimebadilika kingi sana. Katika njia mpya, alama za mtoto hazitoki kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Asilimia 20 inatoka Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini anazofanya shuleni Gredi ya 7 na ya 8. KJSEA yenyewe ni 60. Yaani mtoto aliyepotea mwaka mzima wa Gredi ya 7, hata akiamka Gredi ya 9, kuna kitu ameshakiacha nyuma. Na hayo ndiyo yanayoangaliwa akipangiwa shule ya sekondari ya juu na mkondo wa masomo.

Sasa hebu niwaambie ninayoyasikia nikitembea nyumba kwa nyumba. Ni mambo matatu.

La kwanza ni pesa. Serikali imeweka mgao wa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Lakini mzazi anaambiwa alete hiki na kile, pesa ya mwalimu wa ziada, pesa ya karatasi. Asipoleta, mtoto anarudishwa nyumbani. Na hapa kwetu mtoto akirudishwa nyumbani hakai kitandani. Mashimo ya dhahabu yako karibu. Anaenda kuponda mawe, anapata mia mbili, na wiki inayofuata shule inaanza kuonekana kama kitu cha kupoteza wakati. Nimeona wavulana wa miaka 13 wakipotelea huko, na ilianza na siku mbili tu za kufukuzwa kwa sababu ya pesa kidogo.

La pili ni walimu. Mtaala una maeneo tisa ya masomo, mengine kama sayansi jumuishi na masomo ya ufundi yanahitaji vifaa na mwalimu anayeyajua. Shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili tu, tena wanagenzi waliokuwa wanalipwa kama elfu kumi na saba kwa mwezi. Mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu, na watoto wakakaa madarasani bila mtu. Simlaumu mwalimu. Nasema tu, ukiona daftari la mdogo wako lina kurasa tupu, usikimbilie kumchapa. Muulize kwanza nani anamfundisha.

La tatu ni dini, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Elimu ya dini ni mojawapo ya yale maeneo tisa. Mtoto wa Kikristo anasoma CRE, wa Kiislamu anasoma IRE, na Mhindu ana yake. Kwenye karatasi ni hivyo. Mama mmoja wa hapa anayeuza omena aliniambia binti yake alipofika Gredi ya 7 aliambiwa hakuna mwalimu wa IRE, kwa hiyo akae na wenzake kwenye CRE ili asikose alama. Mtoto akakaa. Jioni anasoma madrasa, mchana anafanyiwa tathmini ya dini ambayo si yake. Nikamuuliza mama, umeenda shuleni kuuliza? Akasema, "Mimi sikusoma, mwanangu. Nikiingia ofisi ile nitasema nini?"

Mama huyo ana kijana mkubwa. Kijana ana cheti cha kidato cha nne, anaendesha bodaboda, na anafuata ukurasa huu. Huenda ni wewe unayesoma sasa hivi.

Ndiyo maana leo sikuja kuongea na wazazi. Nimekuja kuongea na nyinyi. Mama yako anaiogopa ofisi. Wewe huiogopi, umezoea kujaza fomu, umezoea kwenda Huduma Centre. Kazi ya kusimama na mdogo wako langoni pale imekuangukia wewe.

Na hutaenda mikono mitupu, sheria ipo. Katiba, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 29 kinasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, malipo mengine lazima yaidhinishwe, mtoto asizuiwe kuhudhuria kwa kukosa malipo hayo, na kila pesa inayopokelewa itolewe risiti rasmi. Kifungu cha 34 kinakataza ubaguzi wakati wa kusajili watoto, ukiwemo wa dini. Na kifungu cha 27 kinaeleza kazi ya mdhamini wa shule. Shule nyingi za umma hapa Nyanza zina mdhamini, mara nyingi kanisa. Sheria inampa mdhamini nafasi ya kulea mambo ya kiroho shuleni, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Hayo mawili yameandikwa pamoja.

Lakini sheria haitembei yenyewe kutoka kitabuni hadi darasani. Inabebwa na mtu. Na namna unavyoibeba ina maana.

Mnakumbuka kesi ya hijabu ya Isiolo, ya shule ya St. Paul's Kiwanjani? Kanisa la Methodist, mdhamini wa shule, lilienda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuvaa hijabu na suruali. Tukashangilia nchi nzima. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi ule. Kwa nini? Kwa sababu dai la mzazi wa Kiislamu liliingizwa ndani ya kesi ya watu wengine bila kufuata utaratibu unaotakiwa. Jambo kubwa namna ile likaangukia kwenye makaratasi.

Sasa tazameni majirani zetu. Hapa Migori na Homa Bay Waadventista ni wengi, si ndiyo? Kanisa lao lilibishana na Wizara ya Elimu kwa miaka kuhusu wanafunzi wao kulazimishwa masomo siku ya Sabato. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba wapewe nafasi ya kuitunza. Na mwaka ule wa 2019, Septemba, Mahakama Kuu ikaamua kwamba msichana wa Kirasta aliyekuwa amefukuzwa shule ya Olympic kule Kibra kwa sababu ya nywele zake arudi darasani.

Kwa hiyo ukiona mtoto wa Kiislamu anahangaika shuleni, jua kwamba mtoto wa Kiadventista aliyekaa naye dawati moja huenda amepitia hayo hayo. Wazazi wake si maadui. Waombeni mkae pamoja. Na mwalimu wa CRE pia si adui, yeye amepewa darasa lililojaa na anafanya awezalo.

Tufanye nini basi? Nitataja mambo manne, hayahitaji pesa wala maandamano.

Moja. Wiki hii, kaa na mdogo wako dakika kumi. Muulize masomo yake tisa ni yapi, nani anafundisha nini, na dini anayofanyiwa tathmini ni ipi. Sikiliza, usimhukumu. Watoto wa umri ule hawasemi wakiona unataka kuwakaripia. Kuna wasichana wanaovua hijabu langoni kila asubuhi na nyumbani hawajasema neno, wanaogopa kuleta shida.

Mbili. Hesabuni watoto wetu. Katika shule moja, Waislamu wa Gredi ya 7 hadi ya 9 ni wangapi? Mzazi mmoja akiomba IRE anaonekana msumbufu. Wazazi kumi na wawili wenye orodha ya majina wanakuwa jambo la kujadiliwa kwenye bodi. Na mkipendekeza ustadh afundishe, hakikisheni amesajiliwa na TSC, kwa sababu bila usajili huo haruhusiwi kufundisha shuleni. Msiende na pendekezo linaloanguka mlangoni.

Tatu. Andikeni barua, kwa adabu. Mweleze mwalimu mkuu mnachoomba: IRE, au ruhusa ya swala ya Ijumaa, au hijabu ya rangi ya sare. Nakala moja abaki nayo, nyingine ipigwe muhuri irudi nyumbani. Jibu likiwa hapana, ombeni liandikwe. Mkikwama, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipo. Mkiombwa pesa, ombeni risiti. Fanyeni hivyo mapema, mtoto akiwa Gredi ya 7, kabla tathmini hazijajaa na kabla hajasajiliwa kwa KJSEA.

Nne. Mpelekeni mzazi kwenye mkutano wa Chama cha Wazazi. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama kwa mujibu wa sheria, haombi nafasi kwa mtu. Na wazazi wana viti vyao kwenye Bodi ya Usimamizi. Siku ya uchaguzi, watu wetu wako wapi? Wako sokoni, wako mgodini. Halafu maamuzi yakitoka tunalalamika kwenye WhatsApp. Ajizi ni nyumba ya njaa.

Siwaahidi kwamba barua moja italeta mwalimu. Kuna shule mtaambiwa subirini, na mtasubiri. Lakini mtoto akikuona umeingia ofisini kwa ajili yake, umevaa vizuri, umebeba karatasi yako, umesalimia watu kwa heshima, kuna kitu anajifunza siku hiyo ambacho hakimo kwenye lile somo lolote kati ya tisa. Anajua kwamba pale ni kwake pia.

Miaka mitatu inapita haraka. Aliyeingia Januari yuko karibu kumaliza muhula kabla hujapata nafasi ya kumuuliza. Basi ukirudi nyumbani leo, muulize.

Mwenyezi Mungu awafungulie wadogo zetu milango ya elimu na atupe sisi subira ya kuwafuatilia. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.