Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Usikimbilie Kununua Bodi

Leo naongea na wewe unayetunza kompyuta ya mezani ya kikundi, ya shule, au ya kibanda cha kuandikia barua. Mashine ikigoma, mafundi wengi husema mara moja: "Bodi imekufa." Bodi ni ya bei. Kabla hujatoa hela ya kikundi, jaribu haya.

Je, imekaa kimya kabisa, feni haizunguki, taa haiwaki? Anza na umeme. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ila kama mnatumia sola, simu itachaji wakati inverta ndogo imeshindwa kubeba kompyuta. Azima waya wa skrini, mara nyingi unaingia pia kwenye kasha. Kisha tazama nyuma, kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme: swichi yake ibonyezwe upande wa mstari, si wa duara. Mashine nyingine za zamani zina kitufe chekundu cha 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240, basi kiwe 230. Kikiachwa 115, pawasaplai huungua. Hata ikiungua, kwa kawaida bei yake haifiki ya bodi. Usiifungue tu, maana ndani hubaki umeme hata ukishachomoa waya.

Feni zikizunguka na skrini ni nyeusi, mimi hupata matumaini. Hakikisha waya wa skrini umekaza. Chomoa umeme, fungua kasha, gusa chuma chake, halafu toa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Vumbi letu la kiangazi hupenda kujificha hapo. Sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka klipu zilie "ta". Zikiwa mbili, jaribu mojamoja. Bado? Chomoa tena umeme, toa zote, kisha washa. Mashine ikilia bipu, bodi bado ina uhai; mwambie fundi hivyo. Ikinyamaza, usikate tamaa, nyingine hazina spika ya ndani.

Na fundi akisema yote ni ya kutupwa, usimwachie diski. Humo mna majina ya watu na habari za namna walivyokimbia, na diski nzima husomeka kwenye kompyuta nyingine. Fungua skrubu zake, ondoka nayo mkononi.