Kurithisha Ujuzi wa Mlau: Mjuzi Aseme Anachokiona



Nimeombwa nizungumzie namna mjuzi anavyomfikishia ujuzi anayeanza. Sitaenda mbali. Nitazungumzia mlau, kilimo chetu cha kufuata maji ya mafuriko yanaporudi mtoni. Masika yakiisha, mwezi Juni hivi, mto Rufiji huacha bondeni tope jipya lenye rutuba na unyevu, nasi tunapanda mahindi na kunde bila kungoja mvua. Mjuzi na asiyejua huenda wakapishana siku chache tu katika kupanda, lakini mavuno yao hayalingani.

Mjuzi anajuaje kwamba siku imefika? Ukimuuliza, atakujibu, "Ardhi imekubali." Jibu hilo ni la kweli, ila kijana haondoki na kitu. Sasa mfuate shambani, umtazame mikono. Anafukua kwa jembe mpaka udongo unapobadilika rangi. Anachota wa chini, si wa juu, anaufinya, kisha anafungua kiganja. Donge likibaki limeshikamana na alama za vidole zinang'aa, maji bado ni mengi na mbegu itaoza. Likimeguka anapolibonyeza kwa kidole gumba, wakati ndio huo. Likisambaratika lenyewe, amechelewa: afukue zaidi au ashuke palipo chini. Yote hayo anayafanya kimya, maana yamekwisha kuwa mazoea. Kikwazo kikubwa ninachokiona kiko hapo. Mjuzi hazioni tena hatua anazozipitia, kwa hiyo hazisemi. Kijana anaona babu amepanda Jumanne, naye anajifunza Jumanne.

Zamani pengo hilo lilizibwa na muda. Familia ilihamia bondeni, ikalala kwenye dungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko, na mtoto akaona mambo yale yale msimu baada ya msimu hadi yakamkaa. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya mwinukoni. Kuwa karibu na shule na huduma ni faida ambayo siipuuzi hata kidogo. Lakini shamba lilibaki bondeni na mtoto akabaki darasani, na zile saa nyingi za kutazama hazikufidiwa na chochote.

Sasa limeongezeka jambo zito. Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu yetu kwenye mto huu huu, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kutoa umeme Februari 2024. Lina mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Maji yanayotufikia leo hayafuati mvua peke yake. Yanafuata pia milango ya bwawa na mahitaji ya umeme. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Katika hali hii, aliyerithishwa tarehe hana pa kushika. Aliyerithishwa kufukua, kufinya na kupima bado anaweza kuamua, hata maji yakija mwezi usiozoeleka.

Njia ya kufundisha hivyo ipo nayo ni shamba darasa, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina tu. Lilianza Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga waliosaidiwa na FAO. Kundi hukutana shambani kila wiki, hukagua mimea, huchora lilichokiona, hukieleza mbele ya wenzake, kisha huamua la kufanya. Mwezeshaji akiletewa mdudu na kuulizwa ni mdudu gani, hakimbilii kutaja jina. Anauliza: Umemkuta wapi? Alikuwa anafanya nini? Wako wengi? Baadhi yetu maafisa ugani tunaogopa kufanya hivyo tusije tukaonekana hatujui. Wenzangu, hofu hiyo inawanyima wakulima haki yao. Jina la mdudu husahaulika njiani. Alichokigundua mkulima mwenyewe hakimtoki.

Kwa mlau napendekeza hivi. Mzee afukue huku akitamka kila anachokiangalia. Kijana afukue shimo la pili na aamue kabla mzee hajasema neno. Wakitofautiana, kila mmoja apande kipande chake, na mazao yatawaamua. Mzee akinyamaza, afisa ugani amuulize, "Babu, umejuaje?" na aulize kwa adabu ya mjukuu, si kama mpelelezi, mpaka maneno yapatikane. Bibi zetu nao wasiachwe nyuma ya ukumbi: ni wao wanaochagua na kutunza mbegu nyingi za nyumbani, na mara nyingi hakuna anayewauliza wanachagua kwa kuangalia nini.

Maombi yangu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Rufiji ni mawili. Taarifa za kufunguliwa kwa maji bwawani zifike vijijini mapema, kwa lugha ya mkulima. Na kila kijiji cha kata hii ya Ngorongo kipate shamba darasa moja la mlau, walimu wake wawe wazee na bibi wa hapa hapa, na walipwe posho ile ile tunayomlipa mwezeshaji anayetoka mjini.