Kutoka Studio hadi Mkutano Mkuu wa Kijiji: Mwandishi wa Redio na Suala la Muhtasari katika Mkoa wa Katavi



1. Utangulizi

Waandaaji wa semina hii wameniomba nizungumzie mwandishi wa redio anayeacha studio na kuingia katika kazi ya ushawishi na utetezi wa jamii kwenye serikali za mitaa. Nimepewa dakika 20. Maana za maneno nitazipitia haraka, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini ameshakaa kwenye semina za kutosha kuzijua. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo nimelipigania tangu nilipotoka redioni na ambalo bado linaninyima usingizi: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.

2. Maana ya maneno

Serikali za mitaa ni vyombo vilivyotajwa katika ibara za 145 na 146 za Katiba. Kwa wilaya na vijiji vinaongozwa na Sheria Na. 7 ya 1982, kwa miji na Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, na kwa upande wa fedha na Sheria Na. 9. Redio jamii ni kituo chenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kinachohudumia watu wa eneo lake. Ushawishi na utetezi ni kumsaidia mwananchi aifikishe hoja yake mahali inapoamuliwa, kwa njia halali, mpaka ipate jibu. Hayo yanatosha.

3. Mazingira ya mkoa wetu

Katavi ilizaliwa rasmi mwaka 2012 kutoka Rukwa. Leo ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 564,604. Ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Idadi ya watu imezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, na hao walioongezeka hawakuzaliwa wote hapa. Wamekuja na ng'ombe, na majembe, na mitaji ya tumbaku na mpunga, wakawakuta Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Upande wa Katumba na Mishamo wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walipata uraia wa Tanzania, na waliolelewa katika makazi yaliyosimamiwa kwa miaka mingi na mkuu wa makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani badala ya serikali ya kijiji.

Kwa hiyo mnapoitisha mkutano mkuu wa kijiji katika mkoa huu, mara nyingi nusu ya waliokaa chini ya mwembe hawaijui nusu nyingine, na wapo ambao desturi yenyewe ya kumhoji mwenyekiti ni ngeni kwao. Nitalirudia hili mbele.

4. Anachokibeba mwandishi na anachokiacha

Tumewaona watangazaji wakipanda kwenda serikalini. Jerry Muro, aliyewahi kuwa mtangazaji, aliteuliwa mwaka 2018 kuwa mkuu wa wilaya ya Arumeru. Zuhura Yunus alitoka BBC akaingia Ikulu mwaka 2022. Hao walikwenda na barua ya uteuzi. Anayeshuka kwenda kijijini hana barua. Siku ya kwanza anaulizwa: umetumwa na nani, asasi yako imesajiliwa, kibali cha mkurugenzi kiko wapi? Ofisa yuleyule aliyekuwa akipokea simu yake usiku kwa ajili ya mahojiano sasa anamwambia apitie masjala. Silalamiki, huo ndio utaratibu, na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inautambua. Nasema tu kwamba mwandishi ajiandae, maana wengi hukasirika wiki ya kwanza na kurudi studio.

Anakuja na mambo mazuri. Anajua kuuliza swali fupi. Anajua kumwacha mtu amalize. Sauti yake inajulikana, kwa hiyo akina mama wanamfungulia mlango. Lakini sauti hiyohiyo ina hasara: wanakijiji wanadhani bado atawarusha hewani, na viongozi wanadhani hivyohivyo, kwa hiyo kila upande unaongea kama uko kwenye kipindi. Wapo pia wanaotaka kufanya yote mawili, asubuhi kusoma taarifa ya habari kuhusu mgogoro na jioni kukaa kwenye kamati ya utetezi ya upande mmoja wa mgogoro huo. Hapo mizania imekwisha. Na bahasha, ambayo redioni tulizoea kuiita nauli, kijijini inaitwa kwa jina lake.

Kikubwa zaidi anachopaswa kukiacha ni imani kwamba jambo likishatangazwa limeshughulikiwa.

5. Tatizo la muhtasari

Naomba nikae hapa.

Redioni tulikuwa na mtindo unaojulikana. Mwananchi anapiga simu kueleza kwamba kisima kimeharibika. Tunampigia kiongozi, naye anasema hewani, "Tumelipokea, tunalifanyia kazi, litaingia bajeti ijayo." Tunamshukuru, tunapiga muziki, kipindi kinakwisha. Kesho msikilizaji anatuambia tumefanya kazi kubwa. Mwaka unafuata, kisima kiko vilevile, na kiongozi pengine amehamishwa.

Sikuelewa kwa nini mpaka nilipoanza kukaa kwenye vikao vyenyewe. Ahadi ya hewani haina mahali pa kuingilia. Kipaumbele cha kijiji kinapanda kwa ngazi: mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, wataalamu wa halmashauri, kisha baraza la madiwani. Kila ngazi inaiuliza ya chini yake jambo moja tu: liko kwenye muhtasari? Kama haliko, mchumi wa halmashauri, hata akiwa mtu mwema, hana pa kuliandika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji na kata hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka na madiwani hujadili rasimu mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kelele ya redio ya mwezi wa Mei, hata ingefika Dodoma, ingelikuta basi limeshaondoka.

Sasa muhtasari wenyewe uko wapi? Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Mwenyekiti anaongoza, mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Hilo sote tunalijua. Nilichokiona katika vijiji ambavyo sitavitaja ni hiki. Kuna vijiji ambavyo mkutano wa robo mwaka haukai, lakini muhtasari wake upo, umegongwa mhuri. Kuna vingine ambavyo mkutano unakaa, watu wanasema mambo ya maana mpaka jua linazama, na kinachoandikwa ni ukurasa mmoja: kufungua kikao, taarifa ya mwenyekiti, mengineyo, kufunga kikao. Hoja ya kisima imezikwa ndani ya "mengineyo". Kuna kijiji ambacho mtendaji alihamishwa na kaunta buku likaondoka naye; aliyekuja akaanza ukurasa wa kwanza kana kwamba kijiji kimeanzishwa juzi. Na ajenda ya yatokanayo, ambayo ndiyo ingemlazimisha mtu aeleze ahadi ya robo iliyopita imefikia wapi, inarukwa kwa sababu hakuna anayeikumbuka robo iliyopita.

Sitaki nieleweke kwamba nawalaumu watendaji. Najua mtendaji mmoja anakusanya ushuru, anasuluhisha kesi za mifugo shambani, anapokea wageni wa mkoa na anaandika barua za utambulisho, mara nyingi bila kompyuta wala usafiri. Lakini kwa heshima zote nitasema pia: kazi ya ukatibu si hisani.

Na hili si suala la visima peke yake. Chukueni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Katika mkoa unaopokea watu kwa kasi hii, muhtasari ndio unaotenganisha ugawaji halali na uuzaji wa kificho. Mfugaji aliyelipa fedha zake na kuonyeshwa karatasi yenye mhuri anaamini amepewa na kijiji. Mkulima wa miaka mingi anasema hakuna mkutano uliowahi kukaa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mgogoro tunaouita wa wakulima na wafugaji, ukiufuata mpaka mwanzo wake, mara nyingi unaishia kwenye orodha ya mahudhurio yenye majina ambayo yameandikwa yote kwa mwandiko mmoja.

Chukueni pia fedha za hewa ya ukaa. Wilayani Tanganyika viko vijiji vinane, Katuma na Mwese vikiwamo, vilivyohifadhi misitu ya Ntakata kwa ubia na kampuni ya Carbon Tanzania, na mapato yake yamefika mabilioni ya shilingi. Tumeona shule na zahanati zikijengwa. Ni jambo la kujivunia, na nimesikia wageni kutoka mikoa mingine wakija kujifunza. Lakini kijiji chenye fedha kama hizo kinahitaji kumbukumbu za mkutano mkuu zilizo bora kuliko za kijiji kisicho na kitu. Anayekuja kuuliza miaka mitano baadaye kwa nini bweni lilijengwa hapa na si kule, atajibiwa na nini? Kwa kauli za wazee, ambazo nazo zitatofautiana?

Nimewahi kuomba kusoma muhtasari katika ofisi moja ya kijiji nikaambiwa ni siri ya serikali. Maamuzi ya mkutano wa hadhara, uliofanyika uwanjani mbele ya watoto na mbuzi, ni siri! Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma na inamtaka mhusika ajibu ndani ya siku 30. Niliandika barua. Majibu yalikuja kwa mdomo, kupitia mjumbe, kwamba nisijisumbue.

6. Mapendekezo

Mapendekezo haya yamechanganyika, na baadhi yanarudia niliyokwishasema. Nimeyaacha hivyo kwa makusudi.

Halmashauri zote tano zitoe daftari rasmi la mihtasari kwa kila kijiji na mtaa, lenye kurasa zenye namba, na liwe mali ya ofisi. Mtendaji akihama, daftari likabidhiwe kwa maandishi pamoja na mhuri. Wenyeviti walioingia kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024 waulizwe walikabidhiwa nini, majibu yatatufundisha.

Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote kwa sauti kabla ya kuthibitishwa. Usisomwe kichwa na mkia.

Yatokanayo isirukwe.

Mwandishi anayeingia kwenye utetezi asianze na kampeni wala fulana. Akae robo mwaka nzima akihudhuria vikao na kusoma kumbukumbu. Ajifunze kalenda ya bajeti kama alivyojifunza saa ya taarifa ya habari, na ahakikishe hoja za kijiji zimeandikwa kabla ya vipaumbele kukusanywa.

Vituo vya redio navyo vina sehemu yao. Kiongozi akitoa ahadi hewani, mtangazaji aulize swali la nyongeza: itaingia kwenye kikao gani, na lini? Kisha kituo kitunze rekodi na kumpigia tena tarehe hiyo. Redio inaweza pia kutangaza siku ya mkutano mkuu wa kijiji, ili asiwepo wa kusema hakujua. Katumba na Mishamo matangazo hayo yaambatane na maelezo ya haki za mjumbe wa mkutano mkuu, kwa sababu niliyoitaja mwanzo.

Ugawaji wowote wa ardhi uambatane na muhtasari wenye mahudhurio ambayo kila mtu ameweka sahihi au dole gumba mwenyewe, na nakala ibandikwe ofisi ya kijiji. Vivyo hivyo kwa matumizi ya fedha za misitu.

Mtu asitangaze habari na kufanya utetezi wa jambo lilelile. Achague.

Watendaji wapewe msaada wa kazi, hata mwalimu mmoja au kijana aliyemaliza kidato cha nne wa kuandika wakati mtendaji anajibu maswali. Mikutano ya robo mwaka ikae, na mihtasari ya mikutano ambayo haikukaa isiandikwe. Naomba radhi kwamba hili linahitaji kupendekezwa.

Ofisi za vijiji zielezwe na wanasheria wa halmashauri kwamba maamuzi ya mkutano mkuu si siri, na kwamba ombi la maandishi linajibiwa kwa maandishi.

La mwisho ni kwa waandaaji. Sehemu ya posho ya semina zijazo za aina hii inunue madaftari hayo, kuanzia vijiji vilivyo mbali zaidi na mji wa Mpanda. Najua pendekezo hili halitapigiwa makofi. Naomba katibu wa semina aliandike kama nilivyolisema, asiliweke kwenye mengineyo.