Mgonjwa wa Parkinson na Saa za Dawa Yake

Ninyi jamaa mliowaacha wagonjwa wenu mikononi mwa wengine ili muweze kuhudhuria:

Mwaka 1817 tabibu wa London, James Parkinson, alipochapisha kijitabu chake juu ya maradhi ya kutetemeka, alitegemea habari za watu sita tu, baadhi yao akiwa amewaona njiani wakipita. Na mengi aliyoyaeleza, ule mwendo wa kuinama na zile hatua fupifupi za haraka, tabibu wa leo huyatambua mara moja. Lakini dawa ilikuwa haijapatikana, na kwa hiyo hakuijua taabu ninayotaka kuizungumza: taabu ya mgonjwa wa siku nyingi ambaye saa nne hujiendea mwenyewe hadi barazani, na saa sita hawezi kunyanyua unyayo.

Jamaa wakiyaona mawili hayo katika siku moja husema, anadeka. Dhana hiyo ni dhuluma. Chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo kwayo mwili hutii nia, hufa kidogo kidogo. Levodopa, iliyoenea tangu miaka ya 1960, huziba pengo hilo, ila kadiri maradhi yanavyokomaa ubongo hukosa akiba, na nguvu ya kila kidonge huisha upesi, mithili ya kandili yenye mafuta haba. Kikizidi kipimo, mwili hujinyonganyonga bila hiari.

Basi kidonge na kimezwe kwa saa ileile aliyoagiza tabibu, aghalabu nusu saa kabla ya chakula, maana samaki, nyama na maharage huizuia dawa kupenya. Wala kisikatizwe ghafla, kwani hatari yake ni kubwa. Mgonjwa akiganda mlangoni, msimvute mkono: mhesabieni moja, mbili, au choreni mstari wa chaki sakafuni auvuke. Akila, aketi wima. Akiona watu wasiokuwapo, msikimbilie kusema amepagawa. Huenda ni maradhi, huenda ni dawa, na tabibu ndiye wa kupambanua. Na wale watakaoniuliza habari za upupu, naam, mbegu zake zina levodopa, lakini kiasi chake hakipimiki kwa kijiko cha jikoni.

Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulibainisha kuwa wengi wa wagonjwa walikuwa hawajapata kutambuliwa wala kutibiwa. Aliyebahatika kupata dawa, aghalabu mzigo wa mauguzi yake humwangukia binti mmoja, ambaye humgeuza kitandani usiku na asubuhi akatakiwa apike, ilhali kaka zake huleta pole na kuondoka. Taksiri hii siwezi kuinyamazia. Gawaneni zamu, hasa za usiku. Kisha nunueni daftari, mwandike saa ya kila kidonge na hali ya mgonjwa baada yake, na siku ya kliniki mpeni tabibu alisome.