Jua la Kwenye Gemu na Jua la Ramadhan

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vijana na wazazi wa Kisii na Nyamira, mwezi wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu na dada zangu, nimeombwa nizungumze juu ya gemu. Najua nikilitaja neno hilo tu, mzazi anasema moyoni "leo watakoma," na kijana anaanza kutafuta viatu vyake mlangoni. Tulieni. Sikuja kutoa fatwa, hilo nawaachia masheikh. Mimi mwenyewe nimecheza, tena sana. Ninachotaka ni tukijue kitu chenyewe jinsi kilivyotengenezwa, kwa sababu ukigombana na usichokijua unajichosha bure.

Sizungumzii gemu zote. Mpira wa kwenye PlayStation una dakika zake. Refa akipuliza, umekwisha, na mwenye kibanda anadai shilingi zake. Nazungumzia zile ambazo hazina kipenga. Huitwa gemu za dunia wazi, na zingine zinafananishwa na mtoto aliyeachwa kwenye mchanga: hakuna aliyemwambia ajenge nini, wala lini abomoe.

Wa rika langu tulianzia San Andreas, ile GTA iliyotoka 2004. Unapewa kijana mmoja, CJ, na jimbo zima la kuzurura: miji mitatu iliyofananishwa na Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, na katikati yake mashamba, mlima na jangwa. Kazi za kufanya zipo, lakini unaweza kuziacha zote ukaendesha baiskeli tu mpaka jioni. CJ akila ovyo ananenepa, akienda jimu anatoka misuli. Kwa kijana ambaye nyumbani hata kuchagua shati la Idd anachaguliwa, hebu fikirini utamu wake.

Wazazi, hapo hapo niseme na ubaya wake. Gemu ile ni ya ujambazi, haikuwa ya watoto tangu siku ya kwanza. Mwaka 2005 ziligunduliwa ndani yake sehemu za zinaa zilizofichwa, na kule Marekani wanaopanga umri wa wachezaji wakaipandisha kutoka miaka 17 hadi 18. Nambari ya umri huandikwa kwenye jalada. Tunanunua CD ya mtoto bila hata kuigeuza nyuma, halafu tunashangaa.

Lakini tusidanganyane kwamba kinachowavuta vijana ni bunduki. Chukueni Minecraft, ambayo mchezaji wake kazi yake kubwa ni kuchimba na kupanga matofali. Ilianzishwa na Msweden mmoja, Markus Persson, ikaonekana kwa watu 2009, ikatoka kamili 2011, na kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Dunia yake hakuichora mtu. Kompyuta inaizalisha jinsi unavyotembea, kutokana na nambari moja tu inayoitwa mbegu. Ukilihesabu kila tofali kuwa mita moja, uso wa dunia hiyo ni kama mara saba ya uso wa dunia hii tunayoikanyaga. Huwezi kuimaliza. Haikukusudiwa imalizwe.

Na ndani yake kila jambo linazaa jambo. Mbao zimekwisha, unaingia msituni. Msituni unaona pango. Pangoni kuna chuma. Chuma unakitengenezea shoka, na kwa kuwa sasa una shoka zuri, inakuwa dhambi kutorudi kukata mbao. Hakuna mahali ambapo mchezo unakwambia, haya bwana, nenda kalale.

Iko hila nyingine ambayo sisi watu wa milimani tunaijua bila kufundishwa. Waliotengeneza Zelda ya 2017 walieleza kwamba waliipanga ardhi yake kwa maumbo ya pembe tatu, vilima vinavyoficha kitu mpaka uvizunguke au uvipande. Si ndio nyumbani huku? Ukiwa mjini Kisii ukainua macho ukauona ukingo wa Manga, roho inakwambia panda uone kilicho upande wa pili. Ukifika juu, unaonyeshwa kilima kingine. Hamu hiyo ya kutaka kuona tumeumbwa nayo, na hao jamaa wameijua wakaijengea.

Sasa nije kwenye lililonileta. Siku moja ya Minecraft, mchana na usiku wake, ni dakika 20. Ukicheza saa moja, jua limechomoza na kuzama mara tatu mbele ya macho yako. Na sisi tuko katika mwezi ambao shughuli zetu zote zimefungwa kwenye jua moja, hili la Mwenyezi Mungu, ambalo hapa kwetu linazama kabla ya saa moja jioni na halimngojei mtu.

Mwaka mmoja, katika kumi la pili la Ramadhan, nilitoka tarawehe nikakaa nikajiambia dakika kumi tu. Nilikuwa na ghala langu la kumalizia, limebaki paa. Mama alipita akaniona niko macho, akaniwekea uji wa wimbi na ndizi mezani, akajua nitakula daku mwenyewe. Nikasikia adhana. Wallahi nilidhani simu imekosea saa. Ilikuwa Alfajiri, na uji umeganda juu. Nilifunga hivyo hivyo, na njaa haikuniua. Kilichoniuma ni kwamba witri sikuswali, Qur'ani sikuifungua, na nilipojiuliza usiku ule umekwenda wapi, jibu lilikuwa paa la ghala ambalo halipo.

Kwa hivyo vijana, saa ya kuacha iwekeni kabla ya kuanza, tena muifunge kwenye swala, si kwenye "nikimaliza hii," kwa kuwa "hii" haimalizwi. Baada ya tarawehe ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu hapo mbele yako hakuna adhana mpaka Alfajiri. Nanyi wazazi, mtoto akisema "subiri kidogo" si kila mara anadanganya. Katika San Andreas ya PlayStation 2 huwezi kuhifadhi mchezo mpaka umfikishe CJ nyumbani, ukizima umeme anapoteza alichokifanya. Minecraft inajihifadhi yenyewe. Huyo wa Minecraft anayeomba dakika tano, mwambieni nimewaambia.

Na msiidharau kazi yao. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake ni Gigiri, Nairobi, liliungana na wenye Minecraft katika mradi wa Block by Block. Mojawapo ya sehemu za mwanzo ilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Watu ambao ramani ya msanifu haiwaambii kitu waliweza kuonyesha kwa matofali hayo wanataka njia ipite wapi na watu wakae wapi. Na hawa wetu wanaoendesha Bus Simulator Indonesia, ile ya 2017, huyavisha mabasi yake rangi za mabasi ya Kenya mpaka utadhani uko stendi. Mkono huo Mola ndiye aliyewapa.

Kamati ya msikiti inataka kupanua mahali pa kutawadhia akina mama, na kila kikao wazee wanabishana mlango ukae wapi. Kijana mmoja wa madrasa amekwisha kuupima ua kwa hatua zake na kuujenga kwenye simu, na amegundua kwamba mlango ukiwekwa pale wanapopataka wengi, maji yatatiririka hadi kwenye viatu. Jumamosi baada ya Alasiri, insha Allah, atawaonyesha wazee. Mwenye kompyuta ya kupakata aje nayo, maana kioo cha simu ni kidogo na wazee wetu macho yamechoka. Futari ikiiva tunazima.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.