Mchoraji Anyamaze Kwanza
Hotuba kwa vijana wanaochora katuni za mtandaoni, Wadi ya Kiamaiko, Eneo Bunge la Mathare



Kijana anayechora katuni kwa simu hapa Kiamaiko ana wasomaji wake wa kwanza tayari: ndugu zake, waliosoma naye, na wenzake wa maskani. Huwatumia kurasa nne kwenye WhatsApp, halafu huuliza, "Mnaionaje?" Majibu hurudi kabla chai haijapoa. "Kali sana." "Noma." Mwezi unaofuata anatuma kurasa nyingine nne na majibu ni yale yale, ila waliojibu wamepungua. Mwezi wa tatu hakuna anayejibu. Hapo wengi huacha kuchora wakidhani hawana kipaji, na kumbe hawajawahi kuambiwa lolote kuhusu kazi yao.

Rafiki hakusudii kudanganya. Ameulizwa swali ambalo jibu lake la adabu ni moja tu. Swali lenye faida ni lile lisiloweza kujibiwa kwa "poa". Mchoraji ampe mtu simu, anyamaze, kisha amwombe asimulie hadithi aliyoisoma tangu mwanzo. Msomaji akisema, "Huyu jamaa ameiba mbuzi," na mchoraji alikusudia kwamba jamaa amemwokoa mbuzi, kosa liko kwenye mchoro. Haifai kuanza kumweleza. Msomaji wa Kisii au Lamu atakayeifungua katuni hiyo usiku hatakuwa na mchoraji kando yake wa kumfafanulia.

Kidole cha msomaji nacho husema. Kikirudi juu, amepotea. Kikipita mbio, maneno yamezidi. Akiisogeza simu karibu na macho, herufi ni ndogo, na hili ndilo kosa la kila siku, kwa sababu mchoraji hufanya kazi akiwa ameikuza picha mara tatu au nne. Picha nzito nazo hula bando. Aliyenunua bando la shilingi ishirini hatasubiri ukurasa ufunguke, hata kama ndani yake mna mchoro bora kuliko yote Eastlands.

Kenya ina mfano mkubwa wa katuni iliyowasikiliza wasomaji. Shujaaz ilianza Februari 2010, ikitolewa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa mawakala wa M-Pesa, na lugha yake ilikuwa Sheng. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, na anaendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake. Kampuni ya Well Told Story iliyobuni katuni hiyo iliwapa wasomaji njia ya kumwandikia Boyie ujumbe mfupi, nao wakamwandikia kama mtu halisi, wakimweleza shida zao za pesa, mapenzi na kazi. Mengi ya waliyoandika yalirudi ndani ya hadithi. Shujaaz ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ikaipata tena 2014. Ni kweli ilikuwa na ofisi, wachoraji wa kulipwa na wafadhili, na kijana wa Kiamaiko hana hata kimoja. Lakini nambari ya simu chini ya ukurasa wa mwisho anaweza kuiweka. Isiwe ile anayopokelea pesa. Atafute laini nyingine.

Kule Japani utaratibu ni mkali zaidi. Gazeti la katuni la Shonen Jump, lililoanza 1968, limekuwa likiweka kadi ya posta ndani ya toleo ili wasomaji wataje katuni tatu walizozipenda, na katuni inayokaa chini kwa muda hukatwa. Dragon Ball, ambayo wengi waliokaa hapa wanaijua, ilianza 1984 kama hadithi ya safari na vichekesho. Kura ziliposhuka, Akira Toriyama na mhariri wake, Kazuhiko Torishima, waliingiza mashindano ya kupigana, na wasomaji wakarudi. Torishima huyo ndiye aliyemrudishia Toriyama mamia ya kurasa kabla ya Dr. Slump kuanza mwaka 1980. Jambo la kuangaliwa ni hili: kura zilionyesha kwamba wasomaji wamechoka, lakini dawa hazikuitaja. Dawa waliitafuta mchoraji na mhariri. Ndivyo ilivyo hata hapa. Msomaji anaposema, "Hapa nilichoka," aaminiwe. Anaposema, "Ungeweka helikopta," ashukuriwe, na mchoraji arudi kutazama ni kisanduku gani kilichomchosha hadi akatamani helikopta.

Maoni mengine hayapatikani maskani. Kiamaiko inajulikana Nairobi nzima kwa mbuzi wanaoletwa na malori kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale, na wengi wanaoishi kwa biashara hiyo ni Waborana na jamii nyingine za kaskazini. Anayetaka kuchora machinjio awaonyeshe kurasa zake wanaofanya kazi hiyo, asubuhi wakishapunguza shughuli. Watamwambia papo hapo kwamba mbuzi hashikwi hivyo, na kwamba kijana hamsalimii mzee kwa maneno yale. Sheng nayo ipimwe. Inayoeleweka Huruma huenda isieleweke Kayole, na msomaji wa Mombasa anaweza kuachwa nje kabisa.

Liko jambo zito zaidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka hapo jirani Huruma na kuua watu wapatao 50. Machi 2020, wakati wa kafyu, mvulana wa miaka 13 aliuawa na risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao hapa Kiamaiko. Vijana watayachora mambo haya, na ni haki yao, maana yaliwakuta wakiwa hapa hapa. Lakini mama aliyefiwa asikutane na picha ya mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye simu ya jirani. Hapo panahitajika ruhusa kabla ya maoni. Kubadilisha jina pekee hakutoshi, kwa sababu mtaa humtambua mtu kwa kofia yake na ngazi aliyozoea kukalia. Familia ikikataa, kurasa hizo zisitumwe, hata kama ndizo alizozitokea jasho zaidi.

Wapo wanaoogopa kuonyesha kazi wasije wakaibiwa. Hofu hiyo haikosi msingi, ila ieleweke vizuri. Hakimiliki hailindi wazo lililoko kichwani. Inalinda kazi iliyokwisha kuandikwa au kuchorwa. Kwa hiyo kurasa zichorwe kwanza, zitiwe jina na tarehe, na nakala ihifadhiwe nje ya simu. Anayetaka usajili aende kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hakuna haja ya kumsimulia kila mtu hadithi ambayo bado haijachorwa.

Na maoni yaandikwe daftarini, yakiwemo yale yanayouma, bila kujibiwa siku hiyo. Jambo likitajwa na mtu mmoja, lingojee. Likitajwa na watatu wasiojuana, kisanduku hicho kichorwe upya.

Sasa simu zitolewe. Kazi ya kwanza ina kurasa sita, na mchoraji wake ameahidi kutosema neno mpaka msomaji wa mwisho amalize.