Maji ya Ruvu na Jasho la Uluguru



Mkazi wa Dar es Salaam afunguapo bomba, maji ayapatayo kwa sehemu kubwa ni ya Mto Ruvu, na Ruvu hupata nguvu zake katika milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Viwanda na hospitali za mji huo hutegemea msitu ambao wakazi wake wengi hawajapata kuuona. Msitu hunasa mvua na ukungu wa pepo zitokazo baharini, kisha huyaachia maji kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Palipofyekwa, maji hushuka kwa kishindo na udongo wake. Udongo huo huingia hata katika Bwawa la Mindu, linywewalo na watu wa Morogoro mjini, na gharama za kuyasafisha maji hupanda.

Serikali ya kikoloni ilililjua jambo hilo. Mwaka 1950 ilianza kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Jasho lilikuwa la mkulima, na adhabu ilikuwa yake pia, faida hakuiona. Julai 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukafa.

Kuanzia mwaka 2008, katika milima hiyo hiyo, wakulima wa Kibungo Juu walichimba matuta na kupanda miti kwa hiari. Tofauti ni kwamba safari hii walilipwa. Kwa mpango ulioandaliwa na CARE na WWF, fedha zilitolewa na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Hiyo haikuwa sadaka, bali ujira wa kazi.

Mwaka huo huo zaidi ya hekta 24,000 zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Mpaka ni wa lazima, lakini mpaka haulishi kaya. Mikarafuu na pilipili manga ya Kinole hushika udongo na kuleta fedha, ila huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo mkulima hurudia mahindi kwenye mteremko. Senti chache katika kila ankara ya maji ya Dar es Salaam, zikitengwa kisheria na kufikishwa vijijini, zingemvusha mkulima huyo hadi mavuno ya kwanza.